Kadi ya pointi, au duka la Mangi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Supamaketi moja hapa mjini imenipa kadi. Kila shilingi 1,000 ninayotumia napata pointi moja, na pointi 100 zinanipunguzia shilingi 1,000. Matumizi ya nyumbani ni kama 200,000 kwa mwezi, na vitu vingi nachukua kwa Mangi mtaani au sokoni Mbuyuni. Nihamishie manunuzi yote supamaketi? Halafu jirani anaomba awe anatumia namba ya kadi yangu, tugawane pointi. Nimkubalie?
Mama wa watatu, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuzigeuze kwanza hizo pointi ziwe hela. Utumie 100,000 ndipo urudishiwe 1,000. Hiyo ni asilimia moja. Hata ukihamishia kila kitu kule, mwezi ukiisha umepata 2,000, na daladala za kwenda na kurudi zimeshaila.

Nimeuza duka Kilombero hapa Arusha miaka mingi kabla sijaanza kuandika, na bei nazijua zinavyochezewa. Kilo ya sukari ikikuzidi shilingi 100 tu kuliko kwa Mangi, pointi utakazopata kwa sukari hiyo thamani yake haifiki hata shilingi 50. Umeshapoteza, na bado unatoka unafurahi kwa sababu keshia amekutajia salio la pointi.

Kwa hiyo andika vitu unavyonunua kila mwezi, uulize bei huku na kule. Mchele na maharage sidhani kama utavihamisha: Mbuyuni unapimiwa kwa sado, mama anajaza mpaka zinamwagika, ukilalamika kidogo anakuongeza na kiganja. Mangi naye anakuandika kwenye daftari mpaka mshahara utoke, jambo ambalo supamaketi hawatakufanyia hata ukiwa na pointi elfu. Lakini pampasi, maziwa ya kopo na sabuni ya unga ya mfuko mkubwa, kule huwa vinawekewa ofa. Hivyo vinunue huko, siku uliyokwenda mjini kwa shughuli nyingine, na kadi uitoe.

Pointi usizilimbikize. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na kadi yake, na maduka Moshi na Arusha; leo haipo. Supamaketi ya Uchumi nayo ilifunga maduka yake Tanzania mwaka 2015. Duka likifa, utamdai nani pointi? Zikifika kiwango, zitumie, na uulize zinaisha muda lini.

Wala usidhani kadi ni sadaka. Supamaketi ya Tesco ya Uingereza ilipoanzisha kadi yake ya pointi, Clubcard, mwaka 1995, ilianza kujua kila mteja ananunua nini na lini. Nawe ndivyo utakavyojulikana. Jina na namba ya simu vinatosha. Wakitaka namba ya NIDA kwa ajili ya pointi za sabuni, waachie fomu yao. Wakikuchosha na meseji za ofa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuwakataza.

Jirani mkubalie, ila atunze risiti, maana salio litasomeka kwa jina lako na maneno hayachelewi kuzaliwa. Pointi zikifika 100, mpunguziwe kwenye mche mmoja wa sabuni, mkaukate nusu kwa nusu.