Kwa wewe unayeanza kumwagilia: tia mkono udongoni kwanza

Kumwagilia nilijifunzia Bahati, nje ya mji wa Nakuru, kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano. Huko maji hupita upesi, kwa hiyo tulimwagilia kidogo kidogo karibu kila jioni, na nyanya zilistawi. Nilipohamia Ahero, kwenye tambarare ya Kano karibu na Kisumu, nikaja na desturi ileile. Baada ya wiki chache, robo ekari nzima ikageuka manjano na majani yakawa yanalegea mchana. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa kahawia, imeoza, inanuka.

Udongo mweusi wa Kano ukikauka hupasuka, na maji ya kwanza hutumbukia nyufani. Ukilowa huvimba, nyufa zikafunga, maji yakakosa pa kwenda. Mzizi nao unahitaji hewa. Ndiyo maana mmea unaweza kunyauka huku umesimama kwenye maji.

Basi usilisadiki jani la saa saba mchana. Pita shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mmea ambao bado umelegea saa hiyo ndio wenye shida. Kisha chimba kwa panga kina cha shibiri moja, karibu na mizizi, ukamue udongo wa chini. Ukinata vidoleni na kung'aa, acha. Donge likimeguka ukiligusa kwa kidole gumba, fungulia maji.

Ni maji kiasi gani? Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Tuseme jua la siku hiyo linanyonya milimita 5. Kwa vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, milimita hizo kwa nyanya changa unazidisha kwa 0.6, kwa zinazobeba matunda 1.15. Shamba lilelile linatoka lita 3,000 kwa siku hadi lita 5,750, karibu mitungi 290 ya lita 20! Nakusihi, piga hesabu hii kabla hujanunua pampu. Na kumbuka kwamba maji ya mitaro hupotea mengi njiani kuliko ya mipira ya matone.

Mvua nayo ipime. Weka uwanjani mkebe wenye pande zilizonyooka, usome kwa rula kila asubuhi. Milimita 12 zilizonyesha taratibu ni siku mbili za kupumzisha pampu. Zikishuka kwa nusu saa, nyingi zimekwenda na mtaro, usizihesabu zote.

Masika ya siku hizi huchelewa, kisha huja kwa kishindo. Mwaka 2024 mafuriko yalituonyesha. Kwa hiyo mtaro wa kutoa maji mimi huuchimba Februari, kabla miche haijatoka kitaluni. Jembe hudunda kama kwenye jiwe, lakini udongo huu ukishalowa haushikiki.