Mega Drive ya kwanza haitaki adapta ya ruta, hata kama pini inaingia

Mkuu wa Nansio, umeuliza kama unaweza kutumia adapta ya ruta ya volti 9, ampea 0.6, kwenye Mega Drive ya kwanza (toleo la kwanza la mashine ya gemu ya Sega) aliyokuachia mjomba wako, maana adapta yake yenyewe imepotea na pini ya ruta umeijaribu ikaingia vizuri. Usiiwashe. Nakuomba kabisa, iweke pembeni usome haya kwanza.

Pini ya aina hiyo, milimita 5.5 kwa nje, utaikuta kwenye ruta, dikoda, taa za sola, redio na vinanda, na kila kimoja kina umeme wake. Cha kuangalia ni stika ya adapta. Tafuta mchoro mdogo wa kitone kilichozungukwa na duara lisilofungika, upande mmoja alama ya kujumlisha, upande mwingine ya kutoa. Alama iliyounganishwa na kitone ndiyo inayokaa ndani ya pini. Ruta karibu zote chanya iko ndani. Mega Drive ya kwanza inataka hasi ndani na chanya nje, volti 9 au 10 kutegemea imetengenezwa kwa soko gani, ampea 1.2. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, nayo ni hasi ndani, volti 10, miliampea 850. Kwa hiyo ya kwako ina makosa mawili: imegeuka, na hata fundi akikukatia waya na kuugeuza, ampea 0.6 ni ndogo.

Mimi nilijifunza kwa kuunguza. Nilikuwa na Famicom ya Kijapani isiyo na adapta, nikaenda soko la Mlango Mmoja, Mwanza, kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza chaja zilizotumika, zimerundikwa mezani waya zimenasana kama nyavu. Nikachambua karibu saa nzima. Nikapata moja nzito, ya modemu ya simu za mezani, imeandikwa 9V, pini inaingia. Nikalipa, nikaondoka na furaha. Nyumbani nikachomeka, nikawasha, TV ikabaki nyeusi. Kisha ikaja harufu kama ya samaki aliyeanza kuharibika, na kimlio chembamba ndani ya gemu. Nilipofungua skrubu za chini, kapasita kubwa ya pale umeme unapoingilia ilikuwa imevimba kichwa na kutoa majimaji. Nikaisoma tena ile stika, safari hii kwa tochi: 9V, halafu AC. Adapta ilikuwa inatoa AC, umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani, na Famicom haina kitu ndani cha kuibadilisha kuwa DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri.

Fundi wa Makoroboi alinibadilishia kapasita na regulata ya 7805, ile inayoshusha umeme hadi volti 5, na gemu ikapona. Lakini siku ile niliumia, maana kama chipu za ndani zingeungua pamoja na regulata, nisingezipata popote mjini.

Kinachochanganya watu zaidi ni kwamba NES, ndugu yake Famicom iliyouzwa Marekani na Ulaya, yenyewe inatumia adapta ya AC ya volti 9, kwa sababu imewekewa ndani daraja la dayodi, linalogeuza AC kuwa DC. Mtu akikwambia ana adapta ya Nintendo, muulize ya gemu ipi. Na Mega Drive ya pili ni habari nyingine: volti 10, chanya ndani, tundu jembamba. Haziazimani.

Kuna wanaosema chukua ya dikoda ya volti 12, 7805 itajishusha yenyewe. Ni kweli itashusha, ila zile volti zinazozidi zinageuka joto. Kwa kila nusu ampea, kutoka volti 9 kwenda 5 unatupa wati 2. Kutoka 12 unatupa wati 3.5. Mashine yenye zaidi ya miaka 30, kwenye chumba cha Mwanza mwezi wa kumi, usiitese hivyo. Ampea zikizidi hakuna shida, gemu inavuta inachohitaji tu. Volti ndizo za kuziheshimu.

Sasa wapi pa kupata. Waulize wanakwaya! Vinanda vingi vya Casio vya zamani vilitumia adapta iitwayo AD-5: volti 9, miliampea 850, hasi ndani. Ndiyo iliyoniwashia Famicom yangu na bado ipo. Kwa Mega Drive yako iko chini kidogo ya ampea 1.2, hivyo mimi ningeitumia kwa kuijaribu tu. Ya kudumu nunua adapta mpya ya volti 9 ampea 2, kisha fundi redio akate waya karibu na pini, ageuze nyaya mbili, alehemu kwa risasi na avike kila waya mpira wake. Usikubali aviringishe na kufunga selotepu. Ukiuziwa ya asili ya Kijapani, soma upande wa kuingilia: ikiwa ni 100V peke yake, ukutani kwetu kuna 230 na itaungua bila transfoma ya kushusha.

Kabla ya kuondoka kwa fundi, ipimwe mbele yako. Mita iwe kwenye DC, ncha nyekundu ndani ya pini, nyeusi nje. Namba ikitokea na alama ya kutoa mbele, hasi iko ndani, ndiyo unayoitaka. DC ikisoma karibu na sifuri na AC ikasoma 9 au zaidi, irudishe mezani. Zile nzito za transfoma zilizoandikwa 9 zinaweza kusoma 13 au 14 zikipimwa bila mzigo. Si mbovu, zikianza kazi zinashuka.

Kama ndugu yako wa mjini ndiye atakayekununulia na kuituma kwa meli, mwambie akutumie kwanza picha ya stika na picha ya mita ikiwa imeshikizwa kwenye pini. Ziweke hapa nitazisoma usiku huu huu. Ikifika, bandika utepe mwekundu kwenye waya uandike MEGA DRIVE TU, kwa sababu ukishageuzwa hivyo, siku mtu akiuchomeka kwenye ruta ya nyumbani ataiua ruta.