Hugo ifungue makala mpya yenyewe

Swali: Shikamoo mtaalamu. Natengeneza tovuti kwa Hugo, programu ya kuunda tovuti. Kila nikianza makala mpya natoa amri ya `hugo new content`, kisha inanibidi nilitafute faili kwenye folda na kulifungua. Nimeongeza `newContentEditor = 'code'` mwishoni mwa hugo.toml, faili la usanidi, ili lifunguke lenyewe kwenye kihariri cha VS Code, lakini hakuna kinachotokea na sioni ujumbe wowote wa kosa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Mstari wako ni sahihi, ila umekaa pasipo pake. Katika TOML, muundo wa kuandikia faili hilo la usanidi, chochote kilicho chini ya kichwa chenye mabano ya mraba, mathalani `[params]`, huhesabiwa kuwa mali ya kichwa hicho. Hugo imeuona mpangilio wako kama kigezo cha `params` kisicho na kazi, ikaupita kimya. Uhamishie juu kabisa, jirani na `baseURL` na `title`, kabla ya mabano yoyote. Halafu toa amri ya `hugo config` uhakikishe `newcontenteditor` imeonekana na thamani yake.

Ukishauhamisha, tarajia kosa jingine, na hili litajitokeza waziwazi: `access denied`, likitaja `security.exec.allow`. Tangu toleo la 0.91, la Desemba 2021, Hugo haiendeshi programu ya nje isiyokuwa kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Wapo wanaolalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naona ni ulinzi wa lazima. Orodha hiyo huweka mipaka ya programu ambazo Hugo inaweza kuziita kwenye kompyuta yako.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Orodha utakayoandika haijumlishwi na ile ya asili, bali inachukua nafasi yake. Ukiweka `code` peke yake, kihariri kitafunguka vizuri, lakini siku tovuti itakapohitaji programu nyingine ya nje, kama Sass ya kuandaa mitindo ya kurasa au Go ya kupakua moduli, itagoma. Kwa hiyo nakili orodha nzima unayoiona kwenye `hugo config`, chini ya `[security.exec]`, uibandike kwenye hugo.toml, kisha uongeze mwishoni mwake:

`'^code$'`

Usiziache alama za `^` na `$`. Zinabana ruhusa kwa jina hilo kamili. Bila hizo, programu yoyote yenye neno code ndani ya jina lake itapita.

Kama unatumia Mac, hakikisha kwanza amri ya `code` inafanya kazi kwenye terminali, maana huko mara nyingi inabidi uisakinishe kutoka ndani ya VS Code.

Mkiwa timu, msiandike kihariri kwenye faili la pamoja. Kila mmoja aweke chake kwenye kigeu cha mazingira `HUGO_NEWCONTENTEDITOR`, ila orodha ya ruhusa ivitaje vyote. Ukitaka kubadilisha kwa mara moja tu, ongeza `--editor vim` kwenye amri (vim ni kihariri kingine); vim nayo iwe imeruhusiwa.

Na ukitaka makala ifunguke kwenye kivinjari pia, endesha `hugo server -D --navigateToChanged`. Kila ukihifadhi, kivinjari kitahamia kwenye ukurasa uliouhariri. Hiyo `-D` ni muhimu, kwa kuwa kiolezo cha kawaida cha Hugo huanzisha kila makala ikiwa rasimu, na rasimu hazionyeshwi bila hiyo.