Kabla hujapandisha seva ya ofisi kwenda toleo la 10, soma nilivyoumbuka Moshi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ngarenaro, Arusha, alinitumia ujumbe saa tano usiku: "Shikamoo kaka. Seva yetu ya ofisi bado ina CentOS 7. Nimeona toleo la 10 limetoka, nataka nilipige Jumamosi hii watu wakiwa hawapo. Unasemaje?"

Niliusoma mara mbili, tumbo likanikata. Jumamosi, watu wakiwa hawapo. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu, mbele ya meneja mmoja pale Moshi. Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu. Usiguse kitu. Nitaandika."

Basi naandika. CentOS 7 ni mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, uliojengwa kutokana na ule wa kampuni ya Red Hat, na toleo la 10 ni kizazi kipya cha familia hiyo.

Kwa miaka tisa nilikuwa nahudumia SACCOS moja ya mjini Moshi, jina naliweka kando. Seva yao ilikuwa ya mtumba, prosesa Xeon E5-2620 ya mwaka 2012, imekaa kwenye kachumba nyuma ya kaunta pamoja na mafaili na ndoo ya mfagizi. Niliipiga CentOS 7 mwaka 2016 na haikuwahi kunisumbua. Umeme ukikatika inazimika, ukirudi inawaka, wanachama wanachukua hela zao. Watu walikuwa wananiita "daktari". Nilizoea kuitwa hivyo, sikatai.

Tarehe 30 Juni 2024 CentOS 7 ikafika mwisho wa kupokea viraka vya usalama. Nilijua. Nilijua tangu miaka kabla, kila mtu wa kazi hii alijua. Nikasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka mzima, seva yenye akiba za watu inatembea bila kiraka hata kimoja, na mimi nalala usingizi.

Kilichoniamsha si dhamira, ni sifa. Mei 2025 Red Hat wakatoa toleo la 10, na tarehe 27 mwezi huo huo AlmaLinux, ndugu wa bure aliyeshika nafasi ya CentOS, wakatoa la kwao. Nilisoma usiku kucha. Keneli, moyo wa mfumo, namba 6.12. Msaidizi wa akili bandia ndani ya mstari wa amri, unamuuliza kwa maneno ya kawaida anakujibu. Usimbaji wa kuficha data uliotayarishwa kwa ajili ya siku ambazo kompyuta za kwanta zitaweza kuvunja funguo za leo. Mfumo mzima kuujenga kama picha moja ya kontena na kuusambaza hivyo hivyo. Nikajiona mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza Kilimanjaro nzima kuliweka kwenye seva ya kazi. Nikalijaribu kwenye laptopu yangu mpya, likaingia ndani ya dakika ishirini. Nikamwambia meneja: "Jumamosi, watu wakiwa hawapo, Jumatatu mtakuta mambo mapya."

Jumamosi tarehe 28 Juni niliingia saa kumi na mbili jioni. Baridi ya Juni ya Moshi mnaijua. Nilikuwa na flashi, diski ya nje, na chipsi mayai kwenye mfuko ambazo zilipoa bila kuguswa. Nikachota data zote za mfumo wa mikopo na faili za programu, nikaweka kwenye diski ya nje. Nikachomeka flashi. Nikawasha.

Maandishi meupe yakashuka kwenye kioo, kisha yakasimama. Mstari wa mwisho ulidai prosesa haina x86-64-v3, yaani kiwango kipya cha amri ambazo prosesa inazielewa. Keneli ikaanguka hapo hapo. Nikazima, nikawasha. Mstari ule ule. Mlinzi akachungulia mlangoni na kikombe cha chai: "Daktari, mgonjwa vipi?"

Toleo la 10 la Red Hat limeacha prosesa zote zisizo na amri za AVX2, ambazo kwa Intel zilianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Xeon yangu ya 2012 ilipitwa kwa vizazi viwili. Na laptopu niliyojaribia ilikuwa mpya, kwa hiyo jaribio langu lote lilikuwa sawa na kupima kina cha mto kwa mguu wa jirani mrefu. Jambo hili limeandikwa wazi kwenye maelezo ya toleo. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa vitu vipya tu.

Hapo ningefunga begi nirudi nyumbani Kiborloni, leo nisingekuwa na cha kuandika. Diski ilikuwa haijaguswa! Lakini nilishaahidi mambo mapya. Flashi ya pili ilikuwa na toleo la 9, ambalo linakubali prosesa za zamani zaidi. Nikalipiga. Likaingia vizuri, nikarudisha data, saa nane usiku nikaaga.

Jumapili nikiwa nyumbani nikajaribu kuingia kwenye seva kwa mbali, kwa akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote, na nenosiri kama nilivyozoea miaka tisa. Imekataa. Toleo la 9 limefunga mlango huo bila kuuliza, ukitaka root kwa mbali tumia ufunguo wa kidijitali. (Na wamefanya vizuri, nimekuja kukubali, ila si Jumapili ile.) Nikajipa moyo kwamba Jumatatu nitawahi.

Jumatatu tarehe 30, mwisho wa mwezi, shule zinakaribia kufunguliwa. Saa mbili na nusu foleni imefika nje. Dada wa kaunta anafungua mfumo, ukurasa mweupe. Hakuna kosa, hakuna herufi, mweupe kama shuka la hospitali. Mfumo wao wa mikopo uliandikwa enzi za PHP 5.4, toleo la lugha ya programu lililokuja na CentOS 7, na unaongea na hifadhidata kwa amri za mysql_ ambazo ziliondolewa kabisa tangu PHP 7. Toleo la 9 linakuja na PHP 8. Nilihamisha nyumba nzima nikasahau kwamba aliyemo ndani haongei lugha ya mtaa mpya.

Tawi lao la Bomang'ombe nalo likapiga simu: hawaunganishwi. Cheti chao cha kidijitali cha kuunganishia kilikuwa na sahihi ya SHA-1, mtindo wa zamani, na toleo la 9 haliamini sahihi hizo tena kwa mpangilio wake wa kawaida. Ipo amri ya kulilazimisha liziamini. Nilikuwa naitafuta huku mikono inatetemeka.

Kulikuwa na mama mmoja ameshika kitabu chake cha akiba kwenye kanga, kaja kutoka Uru kuchukua ada. Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye benchi ananiangalia kupitia mlango wa kachumba. Waliopiga kelele nimewasahau wote, yeye bado namwona.

Saa tano nikaamua kurudi CentOS 7. Na hapo nikagundua kwamba hata kurudi si rahisi: anwani ambayo CentOS 7 ilikuwa inachukulia vifurushi vya programu ilishazimwa, vimehamishiwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu, vault. Mpaka nikabadilishe faili kwa mkono ndipo yum, zana ya kuvishusha, ikasogea. Faili za mipangilio ya seva sikuwa nimezichota, nilichota data tu, kwa hiyo nyingine nilizitunga kutoka kichwani. Saa kumi jioni mfumo ukafunguka. Mama wa Uru alishaondoka.

Ijumaa yake nikaitwa kwenye kikao. Meneja, mtu niliyekula naye ndizi nyama miaka tisa, akasema mbele ya bodi: "Fundi wetu ameamua kujifunzia kazi kwetu." Kazi wakapewa watu wengine. Nimeambiwa nao waliikuta ile seva wakaiacha na CentOS 7 ile ile niliyoirudisha. Hiyo inauma kuliko kufukuzwa, sijui kwa nini.

Sasa, vijana wangu, nisikilizeni. Kwenye kila toleo jipya kuna orodha ya vilivyoongezwa na orodha ya vilivyoondolewa. Ya kwanza ndiyo inayopigiwa vigelegele. Anza na ya pili. Toleo la 10 limeondoa Xorg, seva ya kuonyesha madirisha kwenye skrini, limeondoa dhcpd tuliyoizoea ya kugawa anwani za mtandao na kuweka Kea, limeondoa Redis, ghala la data la kwenye kumbukumbu, na kuweka Valkey, limeacha kabisa kusoma faili za mipangilio ya mtandao za ifcfg. Ukiwa unatumia kimoja tu kati ya hivyo, Jumatatu yako naijua. Soma vilivyoondolewa. Narudia, soma vilivyoondolewa. Sisi mafundi tunapenda sana kuonekana, tunakimbilia vipya kama watoto wanavyokimbilia gari la matangazo, na hela za watu ziko mgongoni. Mungu anatuona.

Na jaribu kwenye mashine inayofanana na seva yenyewe, ukiwa na programu yenyewe, na dada wa kaunta mwenyewe akibonyeza. Laptopu yako si seva.

Mwezi jana ofisi moja ya utalii Njiro iliniita. Seva ya mtumba tena, prosesa ya rika lile lile. Safari hii nilienda na diski yangu tupu, nikachomoa yao nikaiweka mfukoni, kihalisi, kwenye mfuko wa koti. AlmaLinux wanatoa toleo la 10 la pembeni kwa ajili ya prosesa za x86-64-v2, kile kiwango cha zamani, nikapiga hilo. Mhasibu wao akabofya kila kitufe siku mbili nzima, tukakuta makosa manne, tukayatibu. Siku ya kuhama rasmi nilikunywa chai. Mwenye ofisi aliuliza kama nimeshaanza, nikamwambia tumeshamaliza. Sitaki kujisifu, ila ningependa yule meneja angekuwepo.

Kwa kijana wa Ngarenaro: CentOS 7 hairukii 10 kwa pigo moja. Leapp, zana ya kupandisha toleo, inapanda toleo moja moja, 7 kwenda 8, 8 kwenda 9, ndipo 10, na mimi kwa seva ndogo naona afadhali kuanza upya kwenye diski nyingine. Kabla ya yote nilimwambia aandike `grep avx2 /proc/cpuinfo` kwenye seva, sio kwenye laptopu yake, ione kama prosesa ina AVX2, anitumie majibu.

Jana jioni kanijibu: "Kaka, haijaleta kitu. Nimeirudia mara tatu." Kisha, baada ya dakika kumi hivi: "Bosi nimeshamwambia Jumamosi."