Je, Umiliki wa Familia Hubadilisha Divai?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba shamba la mizabibu la Château de Beaucastel, kusini mwa Ufaransa, lilianza mwaka 1549 na kwamba ni mali ya familia. Je, ni ukoo huohuo uliolishika muda wote huo, na je, kumilikiwa na familia kunabadilisha chochote katika divai yenyewe?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, mwaka 1549 ni sahihi, ila si wa familia iliyopo sasa. Mwaka huo Pierre de Beaucastel alinunua ghala na ardhi mahali paitwapo Coudoulet, na jina lake likabaki hapo hata baada ya shamba kupita mikononi mwa wengine. Akina Perrin, wamiliki wa leo, wanaanza kujihesabu mwaka 1909, Pierre Tramier alipolinunua shamba hilo baada ya filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi, kuiangamiza mizabibu ya eneo lile. Tramier alimwachia mkwewe, Pierre Perrin, naye akamwachia mwanawe Jacques.

Kwa maoni yangu, tabia ya divai hii ni kazi ya Jacques kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kuanzia miaka ya 1950, wakulima wengi walipokuwa wakizikimbilia dawa na mbolea za viwandani, yeye aliziacha, akisaidiwa na upepo mkali wa mistral ambao hukausha majani na kupunguza ukungu. Aidha, katika eneo la Châteauneuf-du-Pape, ambako sheria inaruhusu aina 13 za zabibu na wengi huegemea grenache, Beaucastel inazipanda zote na kuipa mourvèdre nafasi kubwa isiyo ya kawaida. Mourvèdre huchelewa kuiva na humtia mkulima wasiwasi kila msimu wa mavuno, lakini haiharibiwi upesi na hewa kama grenache, na ndiyo inayoiwezesha divai kukaa ghalani kwa miongo.

Hapo ndipo umiliki unapohusika. Anayedai gawio kila mwaka hawezi kupenda aina ya zabibu ambayo faida yake huonekana baada ya miaka mingi, ilhali baba anayewapandia wanawe anaweza. Jacques alifariki mwaka 1978. Wanawe, Jean-Pierre na François, walitengeneza kutoka mavuno ya 1989 divai ya kumuenzi, Hommage à Jacques Perrin, ambayo sehemu yake kubwa ni mourvèdre, na ambayo hutengenezwa katika miaka bora tu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba divai yao humridhisha kila mtu. Chupa kadhaa za zamani zina harufu ya ngozi na zizi la farasi, ambayo wataalamu wengine husema imetokana na hamira ya mwituni iliyoingia kwenye mapipa, na wapenzi wake huihesabu kuwa ndiyo Beaucastel yenyewe. Mimi niko upande wa wapenzi, mradi harufu hiyo isiifunike ladha ya tunda.