Msomee hadithi nzima, na nyoka wake

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Munich aliniandikia. Mumewe ni Mkroatia, binti yao ana miaka saba, na bibi mzaa baba amemletea mjukuu zawadi ya kitabu chenye michoro mizuri: Priče iz davnine, hadithi za kale za Ivana Brlić-Mažuranić. Dada kakifungua kabla ya mtoto, kakuta msichana mwenye ulimi wa nyoka, vijitu vinavyoruka kutoka motoni, Mfalme wa Bahari, na kijana mwema anayetumbukia kisimani akafa. Anauliza: "Nimsomee kweli, au niziruke zile sehemu mbaya?"

Usiruke. Ningeweza kuishia hapo, lakini mnanijua.

Mimi nalea watoto Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, na huku kitabu hiki hukikwepi. Kimo kwenye orodha ya vitabu vya kusoma shuleni, na mtu mzima yeyote ukimtajia Stribor, bwana wa msitu kwenye hadithi mojawapo, uso unabadilika. Zamu ya mwanangu mkubwa ilipofika, mwalimu mmoja aliniita pembeni. Akaniambia, kwa upole wote, kwamba Kikroatia cha Ivana ni kizito hata kwa watoto wa hapa, hivyo kwa mtoto ambaye nyumbani anaongea "lugha nyingine" ingefaa asome muhtasari tu. Muhtasari! Nikatabasamu, nikashukuru, nikashuka ngazi nikiwa nawaka. Miaka imepita na nikikumbuka bado nawaka kidogo. Lakini siku ile ile niliapa kwamba mtoto wangu atakijua kitabu hiki kuliko darasa zima.

Kwanza ujue unasoma kazi ya nani. Ivana alizaliwa Ogulin mwaka 1874, kwenye ukoo wa wakubwa. Babu yake, Ivan Mažuranić, alikuwa mshairi na gavana wa Kroatia, na sura yake tuliibeba kwenye noti ya mia moja ya pesa yetu ya zamani, iliyoitwa kuna, mpaka euro ilipoingia 2023. Ivana mwenyewe aliolewa mapema, akahamia Brod kwenye mto Sava, akazaa, akalea, na kuandika akaandikia watoto. Priče iz davnine kilitoka 1916, vita kuu ikiwa imepamba moto, kikiwa na hadithi sita na michoro ya Petar Orlić. Toleo la 1926 likaongezwa mbili, na michoro safari hii ni ya Vladimir Kirin. Jina la Ivana lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel zaidi ya mara moja, na 1937 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye Akademia ya Sayansi na Sanaa ya Yugoslavia. Mama wa nyumbani huyo, jamani.

Na lile swali mnaloniuliza kila mara, "hiyo mizimu kaitoa wapi?": majina ya viumbe wake aliyatoa kwenye imani za kale za Waslavi. Alikuwa akisoma kazi za Mrusi Afanasyev, aliyekusanya mambo hayo. Humo ndimo wanamotoka Svarožić kijana wa jua, Mokoš mungu wa kike wa kale, kisiwa cha Bujan, na wale Domaći, vijitu wa nyumbani wanaokaa motoni. Visa vyenyewe kavitunga yeye. Katika barua kwa mwanawe ya mwaka 1929 alieleza kwamba jioni moja ya baridi, nyumba imetulia kuliko kawaida, alisikia kama mtu anabisha hodi, kwenda kutazama hakuna mtu, mara gogo likapasuka motoni na cheche zikaruka kama nyota za dhahabu. Akawakumbuka Domaći. Hadithi ikaanzia hapo.

Sasa namna tulivyosoma sisi. Nilianza na picha. Nilipata nakala kuukuu ya michoro ya Kirin kwenye soko la Jumapili la Britanski trg, jalada limelegea, na mtoto wa mtu kachora masharubu kwenye kurasa za mwanzo. Huyu Kirin ndiye aliyechora miji ya zamani ya Kroatia, na mkono wake unauona: mistari myembamba, mavazi ya kale, kila jani limeshughulikiwa. Tulikaa na picha kabla ya kusoma neno hata moja. Mtoto akikaa na picha, hofu inapata sura, na hofu yenye sura ndogo kwenye karatasi mtoto anaiweza.

Kisha nikawa nasoma ukurasa kwa Kikroatia, naurudia kwa Kiswahili, na usiku mtoto anampigia bibi yake Tanga kwa WhatsApp na kumsimulia. Bibi, kama desturi, hakubali kusikiliza mpaka aanziwe "Paukwa!" naye aitike "Pakawa!" Kwa hiyo Stribor wa Kroatia alifika Tanga kwa kupaukiwa.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya hadithi nzima. Kijana anaokota nyoka msituni kwa Stribor, nyoka anageuka msichana, kijana anamwoa. Mama mtu anauona ule ulimi, anasema, haaminiki. Mkwe anamtesa: nenda kileleni ukaniletee theluji ya kunawia, nenda ukavunje barafu uniletee samaki. Mama anavumilia. Siku moja anapita msichana maskini anauza vijiti vya kuwashia moto. Mama hana hela, basi anamshonea mkono wa nguo uliochanika, na kwa wema huo anapewa vijiti. Kuviwasha tu, Domaći hao, wakiongozwa na Malik Tintilinić, wanaruka na kucheza jikoni. Hao ndio wanaompeleka kwa Stribor mwenyewe. Stribor anamwonyesha kijiji cha ujana wake na kumwambia: ingia, utakuwa binti tena, taabu zako zote utazisahau. Na mwanangu je? Naye utamsahau.

Mama anakataa. Bora nibaki na taabu yangu na nijue kwamba nina mwana. Na kukataa huko ndiko kunakovunja uchawi wa msitu mzima.

Bibi wa Tanga akauliza, "Na mkwe kapata nini?" Mtoto akajibu kwamba karudi kuwa nyoka, kaingia shimoni, kijana kamwoa yule muuza vijiti. "Haya," bibi akasema, "huyo mama ana akili. Kesho unisimulie tena." Ungemtoa nyoka kwa kuogopa, ungebaki na nini? Mama anayekataa zawadi bila sababu.

Nilipoyaandika haya kwenye kundi letu la akina mama, mwenzetu mmoja alinijibu mbele ya wote kwamba namlisha mtoto ushirikina wa Kizungu. Sikumjibu siku ile, na najua anasoma hapa, basi namjibu leo. Dada yangu, wewe na mimi tumelala na hadithi za zimwi mpaka tumekua. Hakuna aliyeliabudu zimwi. Tulijifunza kwamba zimwi lipo kwenye hadithi na linashindwa.

Na Potjeh, yule wa kisimani? Nilimsoma pia. Ameishi peke yake msituni mwaka mzima akitafuta ukweli, huku kishetani kilichotumwa kimsumbue kikiishia kumpenda. Potjeh anapozama, kishetani kinabaki pembeni ya kisima kikilia. Mwanangu alilia naye. Nikamwacha alie. Wazazi wa siku hizi tunataka mtoto asiumie hata kwenye karatasi, halafu tunashangaa akikutana na msiba wa kweli hana pa kushika. Soma yote. Usitoe maelezo. Usimalizie kwa "umejifunza nini?" Mtoto akiuliza, jibu. Asipouliza, zima taa.

Kisha tukaenda Ogulin, kwa treni ya kutoka Zagreb. Juu ya mji kuna mlima Klek, ambako watu husema wachawi hukutana, na katikati ya mji, chini ya ngome ya ukoo wa Frankopan, mto Dobra unatumbukia ardhini. Ndani ya ngome kuna Ivanina kuća bajke, nyumba ya hadithi iliyopewa jina la Ivana. Mwanangu alitutembeza sisi kama mwenyeji. Na darasani, muda wa kitabu ulipofika, alisimama akamsimulia mvuvi Palunko kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila karatasi. Yule mwalimu alinipongeza mlangoni. Nilishukuru tena kwa tabasamu lile lile.

Kwa hiyo dada wa Munich: picha kwanza, hadithi nzima, na simulia kwa lugha yako pia, hata kama baba mtu anasoma kwa Kikroatia. Kwa miaka saba anza na Regoč, lile jitu linalohesabu mawe kwenye mji mtupu wa Legen mpaka linapotolewa na kichimbakazi kidogo, Kosjenka. Humo watu wazima wa vijiji viwili wanazama na mafuriko kwa ugomvi wao wenyewe, na wachungaji wadogo ndio wanaoanza upya. Binti atafurahi. Stribor afuate. Potjeh msubirie hadi miaka tisa hivi. Na wewe mwenyewe, kama Kikroatia kinakusumbua, ipo tafsiri ya Kiingereza ya miaka ya 1920 yenye michoro ya Kirin. Majina yamebadilishwa, Palunko humo ni Plunk, kwa hiyo usichanganyikiwe mtoto akikusahihisha.