Kundi la watumiaji wa programu huria: anzeni na tarehe

Wengi wanaotaka kuanzisha kundi la watumiaji wa programu huria, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuzigawa, huanza na katiba, nembo na swali la nani awe mwenyekiti. Ushauri wangu ni kuviweka vyote hivyo kando kwanza. Chagueni siku isiyobadilika, tuseme Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na mahali pasipobadilika penye meza na soketi za kutosha. Aliyekosa mikutano miwili ajue bila kumuuliza mtu yeyote mkutano ujao ni lini na uko wapi. Makundi niliyoyaona yakidumu ni yale yaliyoshika tarehe yao hata siku waliyofika watu watatu. Yaliyoahirisha hadi wapatikane wengi yalikufa.

Watu hawaji kwa ajili ya falsafa. Mimi falsafa hiyo naiamini kwa dhati: haki ya kutumia programu, kuichunguza, kuirekebisha na kumgawia mwenzako, ambayo mwanaprogramu Richard Stallman aliianzishia mradi wa GNU, wa kuunda mfumo huria wa kompyuta, mwaka 1983. Lakini mwalimu anakuja kwa sababu laptopu yake imekuwa nzito, na mwanafunzi anakuja kwa sababu amesikia QGIS inachora ramani. Mpeni kila mtu alichokifuata, hayo mengine yatafuata yenyewe. Wala msimshinikize kuacha Windows siku hiyo hiyo. LibreOffice ya kuandikia, Firefox ya intaneti, VLC ya video na GIMP ya picha zinafanya kazi humo humo, na akishazizoea, siku atakayohamia Linux, mfumo endeshi huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, atazikuta zinamsubiri.

Siku ya kusakinisha Linux ndiyo inayojenga au kubomoa jina la kundi, kwa hiyo hapo msiwe na haraka. Mashine isiguswe kabla mwenyewe hajanakili mafaili yake kwenye diski nyingine na kufungua mawili matatu mbele yenu, kuhakikisha kwamba nakala ni nzima. Kisha washeni mfumo kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote, mjaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Funikeni laptopu, mwifunue, mwone kama inaamka. Wi-Fi ndiyo husumbua zaidi, hasa kwenye kadi za Broadcom, kwa kuwa baadhi huhitaji kiendeshi, yaani programu ya kuendesha kadi, ambacho hakimo ndani ya mfumo. Dawa yake ni kuunganisha simu kwa waya wa USB, kuchukua intaneti ya simu na kupakua kiendeshi hicho.

Kama Windows inabaki kwenye mashine, zimeni kwanza Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, maana huiacha diski katika hali ambayo Linux inaweza kukataa kuiandikia. Kagueni pia BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri. Wenye laptopu wengi hawajui kama imewashwa, hadi siku skrini inapowadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uwe mkononi kabla hamjagusa mipangilio yoyote ya kuwashia mashine.

Mifumo yenyewe ipakuliwe mapema. Faili la Ubuntu au Linux Mint, aina mbili za Linux, ni gigabaiti kadhaa, na watu kumi wakilipakua kwa pamoja mtandao wa ukumbi utakwama. Likishuka, linganisheni alama yake ya SHA-256, msururu wa herufi na tarakimu unaoonyesha kama faili limeharibika, na ile iliyo kwenye tovuti ya mradi, ndipo mlinakili kwenye flashi. Wageni huuliza kama kunakili hivyo ni wizi. Wajibuni waziwazi kwamba si wizi. Kiini cha Linux, sehemu ya ndani inayoendesha mashine, kiko chini ya leseni ya GPL tangu 1992, nayo inaruhusu kunakili, kugawa na hata kuuza, mradi anayepokea apate haki zile zile na msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo.

Jambo moja nalisisitiza kila mara: mgeni ashike kibodi mwenyewe. Mjuzi akikaa kwenye kiti chake na kumaliza kazi kwa dakika mbili, mgeni anaondoka na mashine nzuri asiyoijua, na tatizo likirudi anaona Linux ndiyo mbovu. Mjuzi asimame pembeni, aelekeze kwa mdomo, avumilie.

Wasioandika programu wapewe kazi halisi pia. Kutafsiri menyu za programu, kuripoti hitilafu kwa maelezo yanayoeleweka, kuandika mwongozo wa ukurasa mmoja: miradi mingi ina njaa ya watu hao.

Nywila za barua pepe na tovuti, pamoja na usimamizi wa kikundi cha WhatsApp, viwe mikononi mwa watu wawili au zaidi. Nimeshuhudia kundi likipoteza anwani za wanachama wake wote kwa sababu mtu pekee aliyekuwa nazo alihama kikazi.

Mkishazoeana, jiungeni na Software Freedom Day (Siku ya Uhuru wa Programu), sherehe ya dunia nzima iliyoanza mwaka 2004, ambayo kwa kawaida huangukia Jumamosi ya tatu ya Septemba. Anzeni kuitangaza mwezi Julai, na jioni ya kuamkia siku yenyewe washeni kompyuta kwa kila flashi, moja baada ya nyingine, ili mbovu zijulikane kabla ya wageni kufika.